Bastola Iliyokataa Alfajiri

Fundi Eliakim Ogola ana tabia moja inayowachekesha wateja wake katika soko la Chepilat. Ukimpelekea cherehani iliyokwama, kabla hajaigusa atakuuliza, "Umepaka mafuta gani?" Ukimjibu kwamba umepaka mafuta ya kawaida, hataridhika. Atataka kujua ya kawaida ni yapi, yalitoka kwenye chupa gani, na ni nani aliyekushauri kuyapaka. Akishaitengeneza hatakupa mchana, ingawa mchana ndipo watu wanapokuja sokoni. Atakuambia urudi kesho yake alfajiri, wakati majani ya chai bado yana umande, uizungushe mbele yake ukiwa umejifunga shuka kwa baridi.

"Mzee Ogola, wewe ni fundi au ni mwalimu wa ubatizo?" wanawake wa ndizi humtania. "Mtu akutafute kabla ya jogoo kwa sababu ya sindano?"

"Ikifanya kazi kwenye baridi, itafanya kazi kwenye jua," hujibu. "Lakini inayofanya kazi kwenye jua, hiyo sikuapii."

Wengi wao hawajui kwamba mzee huyu aliwahi kuwa sajini wa polisi, wala kwamba kazi yake ilikuwa kutengeneza silaha. Wanaojua hawapendi kulizungumza jambo hilo mbele yake.

Alizaliwa Asembo, kando ya ziwa. Aliingia polisi akiwa kijana, akafundishwa ufundi wa silaha, na karibu miaka yake yote ya kazi aliipitisha kwenye joto: Mombasa, Garissa, kisha Kisumu. Huko adui wa bunduki ni mchanga na jasho. Mwaka wa tisini na nne alihamishiwa kituo kidogo kilichozungukwa na mashamba ya chai, njia ya kwenda Kapkatet, na hapo akakuta adui mwingine. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Sare hazikukauka. Chuma kilichopanguswa vizuri jioni kiliamka na vidoa vyekundu.

"Huku hata chumvi inalia," alisema mkewe, Adoyo, siku alipofungua mkebe na kukuta chumvi imekuwa maji. Adoyo alikuwa amepata kazi ya kufundisha watoto wadogo katika shule ya shamba jirani, kwa hiyo walihamia wote, pamoja na binti yao Maxine aliyekuwa shule ya msingi.

Ogola aliipiga vita kutu kama mtu anayefukuza nyani shambani. Kisha mafuta ya bunduki yakaisha. Gari lililopaswa kuyaleta lilikwama kwenye matope, baadaye likapewa kazi nyingine, na kila alipouliza aliambiwa asubiri. Asubuhi moja alisimama mbele ya askari kwenye gwaride.

"Mafuta ya bunduki hakuna," alisema. "Lakini hiyo si ruhusa ya kuacha silaha kavu. Pakeni mafuta yoyote mliyo nayo. Mafuta ni mafuta. Adui ni kutu."

"Hata ya nywele, sajini?" aliuliza konstebo mmoja aliyeitwa Oyoo.

"Hata ya nywele. Lakini wewe Oyoo utayatoa wapi, na kichwa chako ni kama yai?"

Askari walicheka, na Oyoo mwenyewe akacheka kuliko wote. "Basi bunduki yangu itanukia kama bibi harusi," alisema.

Oyoo alitoka upande ule ule wa ziwa kama Ogola, na Ogola alimhesabu kama mtoto wa nyumbani. Jumapili alikuja kula samaki wa Adoyo na kumfundisha Maxine vitendawili vya uongo visivyokuwa na majibu. Kazi yake ilikuwa kufuatilia wezi wa ng'ombe pamoja na Koplo Kiptanui, mwenyeji wa huko. Kiptanui alikuwa askari kanzu. Hakuvaa sare, na bastola yake aliificha ndani ya koti. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku ile ya gwaride hakuuliza swali wala hakucheka. Alisikiliza amri, akaenda nyumbani kuitimiza.

Wakati huo vita vya kikabila vya miaka michache iliyopita vilikuwa vimepoa, lakini watu walikuwa bado wanatazamana kwa pembe ya jicho. Ndiyo sababu jambo lililotokea mwezi wa Julai halikuchukuliwa kuwa ajali.

Alfajiri hiyo Kiptanui na Oyoo walikuwa wakifuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Nyayo ziliwapitisha kwenye ukungu, katikati ya michai. Kiptanui alikuwa amechomoa bastola mapema, akatembea nayo mkononi muda mrefu hata ikawa baridi kama jiwe la mtoni. Walipoteremka bondeni waliwakuta wezi wawili wakiwavusha ng'ombe kijito. Mmoja wao aligeuka akiwa na panga.

"Simama! Polisi!" Kiptanui alipaza sauti. Mwizi hakusimama. Kiptanui akavuta kifyatuo.

Bastola ikatoa sauti ndogo tu, tak, kama kidole kinachogonga meza. Akafanya alivyofundishwa: akaivuta slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayoteleza, risasi iliyokataa ikaruka na kupotelea kwenye chai, nyingine ikaingia mahali pake. Akavuta kifyatuo tena. Tak.

Oyoo, ambaye siku hiyo alikuwa na rungu tu, alikuwa mbele. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, na panga likamkata kifundo cha mkono. Wezi walikimbia, wakawaacha ng'ombe majini. Kiptanui alivua shati, akaufunga mkono wa mwenzake, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Hilo la kumbeba watu hawakulizungumza sana baadaye.

Mkuu wa kituo, Inspekta Nyaberi, aliichukua ile bastola akaiweka dirishani mwa ofisi yake huku akiwahoji watu. Ukungu ulipotoka, jua lilipiga dirisha lile mpaka alasiri. Ndipo akaenda nayo nyuma ya kituo, kwenye shimo la kufanyia shabaha, Ogola akiwa pamoja naye, akapiga risasi zilizobaki. Zote zililia.

"Bastola haina ugonjwa," alisema inspekta. "Ugonjwa uko kwa mtu."

Kiptanui alinyang'anywa mkanda. Alitakiwa kukaa kwenye benchi la kituo mchana kutwa, mbele ya macho ya watu, akisubiri kupelekwa Kericho kujibu shtaka la kumtelekeza mwenzake mbele ya adui. Kila mtu alijua kwamba akipelekwa hatarudi na kazi, na pengine atafungwa. Katika kantini maneno yalikuwa yameshaiva: wezi walikuwa watu wake, aliwatambua, akamwacha Mjaluo akatwe.

Ogola alikwenda hospitali ya Kapkatet kumwona Oyoo. Mkono ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye kiwiko, na vidole vilivyochungulia havikusogea.

"Jaduong', mzee wangu, yule bwana alisimama kama sanamu," Oyoo alisema. "Bastola mkononi, macho wazi."

"Hukusikia bastola ikigonga?"

"Nisikie nini? Mimi nilisikia mfupa wangu."

Aliporudi nyumbani Ogola alimwambia Adoyo, "Kiptanui hakuvuta. Aliona ni watu wa kwao."

"Wewe uliwaona hao watu?"

"Hapana."

"Basi tumbua samaki, uache kusema."

Huenda mambo yangeishia hapo, kama si mama mmoja mchuma chai aliyeitwa Bitutu. Siku mbili tatu baadaye alifikisha kikapu chake kwenye banda la kupimia majani. Karani aliyamwaga mezani ili aone kama yamechumwa vizuri, majani mawili na chipukizi. Kitu cha shaba kikabingirika kutoka kwenye majani, kikaanguka chini kwa mlio.

"Mama Bitutu!" karani aliruka nyuma. "Mimi nilisema majani mawili na chipukizi. Sikusema majani mawili na risasi!"

"Si wewe umezoea kukata kilo zangu?" Bitutu alimjibu. "Haya, leo kata na hiyo."

Banda zima lilicheka. Kisha mtu mmoja akataja bonde alilokuwa anachuma Bitutu asubuhi hiyo, na kicheko kikafa. Bitutu aliifunga risasi ndani ya jani, akaipeleka kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akauliza fundi wa silaha yuko wapi.

Ogola aliishika risasi hiyo kwenye mwanga wa mlango. Katikati ya kitako cha kila risasi kuna fataki, kifuniko kidogo cha duara chenye baruti kali. Ukivuta kifyatuo, nyundo ya bastola hugonga pini, kijiti chembamba cha chuma, na pini huipiga fataki. Ikipigwa sawasawa hubaki na shimo la kina, na risasi hulia. Fataki hii ilikuwa na alama, lakini alama hafifu, kama ukucha wa mtoto uliogusa ugali.

Alikaa kitako. Kiptanui alikuwa amevuta. Maneno yote ya kantini, pamoja na yake mwenyewe aliyoyasema nyumbani, yalikuwa ya uongo.

Inspekta Nyaberi hakushawishika. "Alama kama hii hata mimi naweza kuitia kwa msumari," alisema, akiigeuza risasi. "Kiptanui alirudi bondeni, akaitupa ipatikane. Bastola nimeipiga mwenyewe, Ogola, nawe ulikuwepo. Ililia au haikulia?"

"Ililia, afande."

"Basi nionyeshe ikikataa. Hapo tutazungumza."

Alasiri hiyo Ogola aliifungua bastola kwenye meza yake, iliyokuwa chini ya dirisha lenye jua. Alianza na springi ya nyundo, kwa maana springi ikichoka nyundo hupiga kivivu. Aliipima na springi ya bastola nyingine, zikalingana. Akatazama ncha ya pini, ilikuwa nzima, haijavunjika wala kulika. Akatazama chemba, mahali risasi inapokaa, maana pakiwa na uchafu risasi haiingii mpaka mwisho na pini huifikia kwa shida. Palikuwa safi, panang'aa mafuta. Akaunganisha kila kitu, akaingiza magazini tupu, akahakikisha tena kwamba hakuna risasi ndani. Kisha akachukua penseli ya Maxine, akaidumbukiza kwenye mtutu, upande wa kifutio ukitangulia, akaelekeza bastola juu na kuvuta. Hicho ni kipimo cha mafundi: pini yenye nguvu huirusha penseli. Penseli iliruka, ikagonga mabati ya paa na kurudi chini imevunjika ncha.

Bastola ilikuwa nzima.

Alitoka nje akiwa na hasira asiyojua amwelekezee nani. Kiptanui alikuwa benchini, mikono kati ya magoti, bila mkanda, suruali ikimlegea.

"Sajini," Kiptanui alisema, "watu wote wameulizwa. Wewe umeuliza hata bastola. Mimi hujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama nilivuta."

Ogola aliona aibu. Alikaa kwenye benchi. "Ulivuta?"

"Mara mbili."

"Ilikuwaje mkononi?"

Kiptanui alifikiri. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, naye alichagua maneno kama mtu anayechagua mahali pa kukanyaga kwenye tope. "Ilikuwa ile saa ya kukamua ng'ombe. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa kwa baridi. Na bastola pia ilikuwa... si nzito ya kubeba. Nzito kama mtu ambaye ana usingizi."

Neno hilo la usingizi lilimfuata Ogola mpaka nyumbani. Kesho yake aliamka kabla ya jua, akafungua ghala la silaha na kulifungua dirisha lake la vyuma lililotazama mashamba. Ukungu uliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Aliiweka bastola kwenye saruji ya dirisha, akasimama pale pale akiilinda, akipulizia vidole vyake mpaka chuma kilipopoa kabisa. Ndipo akaidumbukiza penseli tena, akavuta.

Tak.

Penseli ilichungulia kwenye mdomo wa mtutu kama panya, ikateleza, ikaanguka miguuni pake.

Akaifungua upesi. Jana pini ilikuwa imeteleza yenyewe kutoka kwenye tundu lake. Leo haikutoka. Alilazimika kuisukuma kwa msumari, ikatoka polepole, imevishwa kitu cheupe kilichoganda kama nta. Alikinusa. Harufu haikumdanganya: kondoo.

Kiptanui alipofika kukaa benchini, Ogola alimwita pembeni. "Bastola ulipaka nini?"

"Mafuta ya mkia wa kondoo, sajini. Ya nyumbani. Mke wangu Cherotich huyapaka kwenye kamba za ng'ombe zisikauke. Ni mafuta mazuri. Kutu haijashika hata kidogo."

"Na ndani?"

"Kila tundu. Si ulisema silaha isikae kavu?"

Aliyasema bila lawama, kwa fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyemaliza kazi yote aliyopewa. Alikuwa bado hajaelewa. Lakini Ogola alielewa. Alijiona amesimama mbele ya gwaride akisema mafuta ni mafuta. Huko alikotoka, kwenye joto, maneno hayo yangekuwa kweli, au karibu na kweli. Hapa kila mama aliyeacha kitoweo kwenye sufuria alijua asubuhi atakikuta kimefunikwa na utando mweupe. Adoyo aliukwangua kila siku. Na yeye, fundi, alikuwa ameula mchuzi huo bila kuwaza.

Jioni alimweleza mkewe kila kitu. Adoyo aliacha kumenya viazi.

"Isafishe," alisema. "Useme risasi ziliingia unyevu. Na mvua hii, nani atabisha? Kiptanui ataachiliwa, na wewe utabaki na kazi yako." Ilionekana kwamba hakuyapenda maneno yake mwenyewe.

"Nimeliwaza hilo kabla yako."

"Basi?"

"Gwaride lote lilinisikia, Adoyo. Kila mmoja alikwenda akapaka cha kwake. Nikisema ni risasi, bastola zile zitabaki zilivyo. Alfajiri nyingine, mtu mwingine atavuta."

Adoyo alichukua kiazi, akakigeuza mkononi, akakirudisha. "Na Oyoo utamwambia nini?"

Ogola alikaa akitazama mlango, kana kwamba Oyoo angeingia wakati wowote akidai samaki wake.

Asubuhi iliyofuata alimwomba inspekta atoke kabla ya jua. Askari walikuwa wamesimama gwaride, pumzi zao zikifuka. Bastola Ogola hakuwa ameisafisha. Alikuwa ameirudishia pini na mafuta yake yote.

"Sajini, umenitoa kitandani nije kutazama penseli?" Inspekta Nyaberi alisema, kola ya koti ikiwa masikioni.

"Ndiyo, afande. Penseli tu."

Alimwonyesha kwamba bastola haina risasi. Akavuta. Tak. Penseli ikaanguka kwenye nyasi, karibu na kiatu cha inspekta. Ogola akaenda kwenye jiko la makaa la mlinzi wa lango, akaipasha bastola joto taratibu huku akiigeuza kama mtu anayechoma hindi, akarudi, akavuta tena. Penseli iliruka juu ya vichwa vya askari na kugonga ukuta wa ofisi. Mtu mmoja kwenye mstari alisema "Yesu!" na hakuna aliyemkaripia.

Ogola aliifungua bastola, akatoa pini, na inspekta akaitazama muda mrefu mafuta yakiganda tena meupe kwenye baridi. "Haya," alisema. "Nani aliyejaza mafuta ya mchuzi kwenye bastola ya serikali?"

"Ni mimi, afande," alisema Kiptanui kutoka benchini. Sasa alikuwa ameelewa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwa amri ya nani?"

Kiptanui alitazama viatu vyake. Gwaride zima lilijua jibu. Wote walitazama mbele.

"Nimekuuliza, koplo. Kwa amri ya nani?"

"Ni mimi tu, afande."

Ogola baadaye alimwambia mkewe kwamba neno hilo lilimuumiza kuliko adhabu yoyote aliyopewa. Mtu ambaye yeye alikuwa amemhukumu moyoni, bila kumwuliza, alikuwa tayari kuubeba mzigo wake.

"Afande," Ogola alisema, "amri ilikuwa yangu. Niliitoa hapa, kwenye gwaride hili. Nilisema wapake mafuta yoyote. Naomba silaha zote zifunguliwe sasa hivi, kabla mtu hajatoka nayo langoni."

Zilifunguliwa zote asubuhi ile. Walikuta mafuta ya kupikia, mafuta ya nywele, hata siagi ya maziwa iliyokuwa imechacha. Si zote zilizokuwa zimekwama, lakini zilizokwama zilitosha kuwanyamazisha watu wa kantini. Kiptanui alirudishiwa mkanda wake mbele ya wote. Ogola alivuliwa cheo, na kabla ya Krismasi akatakiwa kustaafu.

Cherotich, mke wa Kiptanui, alikuja nyumbani kwa Ogola na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akalia mlangoni kwa sababu aliona kosa lilitoka kwenye mkebe wake. Ogola alimwambia, "Mama, mafuta yako hayana hatia. Ulikuwa ukilainisha kamba, nazo zililainika." Aliyapokea maziwa kwa mikono miwili.

Kwa Oyoo alikwenda peke yake. Alisimama kando ya kitanda, akaeleza kuanzia gwaride mpaka penseli. Oyoo alimsikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo si yule. Ni wewe."

"Ni mimi."

"Afadhali ingekuwa yule," Oyoo alisema. "Yule sikuwa nampenda." Kisha akageukia ukuta.

Hakuja tena kula samaki. Vidole vyake havikupona, akaacha kazi ya polisi. Mkewe, Yunia, alikuwa mshonaji, na baadaye walipanga chumba Chepilat. Ogola naye alifungua kibanda chake cha kutengeneza cherehani hapo hapo, kwa kuwa Adoyo bado alikuwa akifundisha karibu. Kwa muda mrefu wanaume hao wawili walipishana sokoni kama watu wasiofahamiana.

Mwezi wa Julai mwingine, cherehani ya Yunia ilikwama, na fundi mwingine hakuwepo. Oyoo aliibeba kwenye bega la kushoto, akaitua juu ya meza ya Ogola.

"Asubuhi inakataa," alisema.

Ogola aliuliza kama fundi yeyote angeuliza. "Amepaka mafuta gani?"

Oyoo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitali. "Mafuta ni mafuta. Si ndivyo, sajini?"

Mwanamke mmoja wa ndizi alicheka akidhani ni utani. Ogola aliinama, akaanza kufungua. Ndani kulikuwa na mafuta ya kupikia, yameganda kwenye kila tundu. Aliyaosha kwa mafuta ya taa, akapangusa kila kipande, akatia mafuta ya cherehani tone kwa tone. Oyoo hakuondoka. Alisimama akiitazama mikono ya mzee ikifanya kazi, huku mkono wake mwenyewe wa kulia ukiwa umefichwa mfukoni.

"Sikupi leo," Ogola alisema alipomaliza. "Njoo alfajiri uijaribu kwenye baridi."

"Mkono huu unaniuma kwenye baridi."

"Najua."

"Hujui," Oyoo alisema. "Nitamtuma Yunia."

Alfajiri Ogola alikuwa ameshafungua kibanda na kuiweka cherehani nje, umande ukiitia jasho. Aliyetokea kwenye ukungu hakuwa Yunia. Oyoo alikaa kwenye kigoda bila salamu, akapitisha mkono wa kushoto juu ya mashine mpaka akakifikia kishikio kilichokuwa upande wa kulia, akaanza kukizungusha, kwanza kwa shida, kisha kwa mwendo mmoja. Sindano ilishuka na kupanda. Alizungusha muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuijaribu cherehani, kichwa kimeinama, akisikiliza.

Kisha akaacha, akaiinua begani.

"Haijakataa," alisema, akaondoka nayo.

Tangu siku hiyo Ogola hajampa mteja cherehani yake mchana.